Shaba Niliweka Mimi

Kaa kwanza, mwanangu. Habari hii ina aibu ndani yake, na habari ya aibu haisimuliwi kwa mtu aliyesimama, kwa sababu aliyesimama huondoka kabla haijafika mahali panapouma. Nami nikikuona umesimama nitapata kisingizio cha kuikatiza.

Nakumbuka siku moja, Jumatano saa nne asubuhi, mtumbwi wa kijani ulikuwa unarudi kutoka visiwani umejaa kayabo, wale samaki wanaokaushwa kwa chumvi. Tulikuwa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa na samaki kushushwa, na tuliuona vizuri kabisa, hata rangi ya vitenge vya akina mama waliokaa juu ya magunia. Ghafla mwendesha mashine akasimama. Akina mama wakaanza kutupa magunia majini. Halafu mtumbwi ukazama taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti. Wenzangu wote walikimbilia ziwani, wengine wakasukuma mitumbwi, wengine wakaogelea. Mimi nilibaki mchangani na nyundo mkononi, nikitazama miguu yangu.

Watu wote watano waliokolewa, na namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Lakini miguu yangu ilikuwa imejua jambo ambalo kichwa changu kilikuwa bado kinakataa.

Turudi nyuma kidogo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kijana anayesubiri matokeo ni mtu wa kuangaliwa sana: hana tena mwalimu wa kumsahihisha, na maisha hayajaanza kumsahihisha. Mama yangu akanipeleka kwa kaka yake, Mjomba Bwire, Mjita aliyehamia upande huu wa Mwanza miaka mingi nyuma kwa kazi ya kujenga mitumbwi. Kibanda chake kilikuwa mbele ya Igoma, unaiacha barabara ya Musoma na kushuka mpaka ziwani. Mjomba hakufika mbali shuleni. Alisoma Biblia kwa kidole, neno moja moja, na alipima mbao kwa kamba yenye mafundo. Lakini mtu aliyetaka kununua mtumbwi pale mwaloni aliuliza kwanza, "Ni wa Bwire?" Akijibiwa ndiyo, hakuinama tena kuchungulia chini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mbao zinaunganishwa kwenye mbavu za mtumbwi, na pale zinapokutana hubaki ufa mwembamba. Ufa huo unasindiliwa pamba, pamba hii hii ya Usukumani, halafu juu yake unapigiliwa utepe wa bati ili pamba isitoke. Misumari ni ile ya rangi ya fedha, chuma kilichovishwa koti la zinki. Bati lenyewe nalo limevishwa zinki. Mwisho inapakwa lami nje na rangi ndani.

Mimi kazi hii niliiona ya kizamani. Nilikuwa hodari wa kemia shuleni, na nilitaka watu wajue. Mchana mmoja wakati wa kupumzika nilipanga ndimu nne juu ya ubao. Katika kila ndimu nilichomeka kipande cha waya wa shaba na msumari wetu wa zinki, nikaziunganisha moja kwa nyingine kwa nyaya, na mwisho nikaweka kitaa chekundu kidogo nilichong'oa kwenye redio mbovu. Kikawaka! Kilikuwa hafifu, ilibidi tukizibe kwa viganja ili kionekane, lakini kiliwaka. Nilikuwa pia na mita yenye sindano, ile ya mafundi redio, nikawaonyesha sindano inavyoruka.

"Huyu mtoto ni profesa," akasema muuza uji.

"Profesa wa ndimu!" akadakia mwingine, na jina likanikaa.

Nililipenda, mwanangu. Nikawaeleza kwa sauti ya darasani kwamba metali mbili tofauti zikiwekwa ndani ya maji yenye asidi au chumvi, moja huachia umeme na nyingine hupokea. Nikasema hiyo ndiyo siri ya betri zote. Mjomba alisikiliza amekaa juu ya gogo, akauliza swali moja tu.

"Huo umeme unatoka wapi, Masalu? Ndimu?"

"Hapana, mjomba. Unatoka kwenye msumari. Zinki inayeyuka kidogo kidogo."

"Aa," akasema. "Kwa hiyo kuna anayeliwa."

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku nyingine niliokota kipande cha shaba nikataka kukipiga mahali penye ufa. Mjomba akanishika mkono. "Shaba na chuma havilali kitanda kimoja."

"Kwa nini, mjomba?"

"Baba yangu alisema."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

"Na baba yake. Piga bati, jua linazama."

Nilipiga bati, lakini moyoni nilimdharau. Niliona mzee anayeshika sheria asiyojua sababu yake. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi akili yangu siku zile ilikuwa nyingi kiasi kwamba maarifa yalikosa pa kukaa.

Mtumbwi wa kijani ulikuwa wa Mama Kabula. Huyu alikuwa mjane, mfanyabiashara wa kayabo, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mpana. Miaka yote alikuwa akikodi mitumbwi ya watu. Huu ulikuwa wa kwanza kuwa wake, na alikuja kuutazama karibu kila siku ukijengwa, akiupapasa ubavuni kama mtu anayenunua ndama.

Mbao zilipokwisha kuungwa, Mjomba akapata habari ya msiba kwao Majita. Akaondoka kwa siku tisa. Akaniachia kazi ya kupiga tepe za bati na kupaka rangi. Aliniamini, mwanangu. Hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Mjomba akiwa safarini, nilikwenda kwa muuza vyuma chakavu pale Igoma, nikaona karatasi pana la shaba lililotolewa kwenye tangi kuukuu la maji moto. Liling'aa kama mbalamwezi inayochomoza. Nikawaza: bati linashika kutu, shaba haishiki. Nikitumia shaba, mtumbwi huu utadumu kuliko yote ya Mjomba, na siku moja baada ya miaka nitakwangua rangi mbele ya watu niseme, tazameni, mimi ndiye niliyefanya. Nikabadilishana na yule muuzaji: nilimpa bati lote la Mjomba, nikamfanyia na kazi ya siku mbili ya kufungua mota mbovu. Nikaikata shaba tepe, nikaipigilia kwenye maungio yote ya chini, ndani na nje, kwa misumari yetu ileile ya zinki. Halafu nikapaka lami na rangi upesi upesi, ili mtu asione.

Hapo pa kupaka rangi upesi, mwanangu, pashike. Ningekuwa na hakika ya kazi yangu ningeiacha wazi. Ukiona mkono wako unakimbilia kufunika, uulize unafunika nini.

Mjomba akarudi. Akazunguka mtumbwi, akaugonga kwa nyundo hapa na pale, akatega sikio. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu," akasema. Nami nikaipokea sifa ile kama mtu anayepokea chakula kwa mkono mchafu.

Ilipita miezi minane hivi. Mvua za masika zilikuwa zimeshika, ndipo ikaja Jumatano ile niliyokuambia.

Mama Kabula alitolewa majini akiwa na kandambili moja mguuni. Alikuwa amepoteza mzigo wote. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kibanda chetu, maji yanamchuruzika, na pale alikuwapo mkwe wa Mjomba, mume wa binti yake mkubwa, aliyekuja kuwasalimia wazee. Unajua heshima ya mkwe ilivyo kwetu. Mbele ya mkwe huyo Mama Kabula akasema, "Bwire, umenijengea jeneza. Na mimi nikakushukuru."

Mjomba alisimama akavua kofia.

Kufikia jioni mwalo mzima ulikuwa na neno moja: Bwire anapiga misumari ya kunyoosha. Maana yake, anang'oa misumari mizee kwenye mitumbwi iliyochoka, anainyoosha kwa nyundo na kuipiga tena kama mipya. Kwa fundi wa mitumbwi hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mimi nililisikia kwenye kibanda cha chai, nikaendelea kunywa chai.

Mtumbwi ulivutwa nchi kavu. Kesho yake Mjomba akaenda peke yake, nami nikamtazama kwa mbali. Akachuchumaa, akatoa kisu, akakwangua rangi. Akakwangua tena. Nikaona wekundu ukitokeza. Akakaa pale kwa muda mrefu, mgongo wake kwangu. Akarudi kibandani, akachukua bakuli la bati lenye enameli, akaenda kulijaza maji yaliyobaki ndani ya mtumbwi, maji mazito, yenye chumvi iliyodondoka kutoka kwenye kayabo miezi yote ile ikanywewa na mbao. Akaja akaliweka mezani.

"Masalu. Lete ile mita yako ya ndimu."

Nikaileta.

Akatoa mfukoni kipande cha shaba, akakitumbukiza upande mmoja. Akatoa msumari. Sikuutambua kuwa ni msumari: kichwa kilikuwa kimeisha, mwili umekuwa mwembamba kama mwiba, na koti la zinki halikuwapo hata chembe. Akautumbukiza upande wa pili.

"Gusisha waya zako."

Nikagusisha. Sindano ikaruka.

"Mimi sijui kusoma hicho," Mjomba akasema taratibu. "Wewe ndiye profesa. Sindano inasema nini?"

Mwanangu, nilijua inasema nini. Nilikuwa najua tangu siku ya ndimu. Shaba, zinki, na maji yenye asidi au chumvi: nilivipanga juu ya ubao nikapigiwa makofi, halafu nikaenda nikavipanga tena chini ya mtumbwi na nisivitambue, kwa sababu safari hii havikuwa kwenye daftari. Nilikuwa nimejenga betri ya urefu wa hatua kumi, nikampandisha mjane juu yake.

"Inasema kuna anayeliwa," nikajibu.

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Akamwaga maji nje, akasuuza bakuli, akalirudisha rafuni. Nikasema, "Mjomba, utawaambia?" Akanijibu neno ambalo nimelibeba maisha yangu yote.

"Nikisema mimi, wewe utakuwa umekamatwa. Ukisema mwenyewe, utakuwa umerudi. Jumamosi kuna kikao."

Sasa ndipo aibu yenyewe, mwanangu. Ya shaba ilikuwa ujinga, na ujinga husamehewa. Hii ya pili siyo.

Jumamosi wazee wa mwalo wakakaa. Mama Kabula akasema yake. Mwenyekiti akamgeukia Mjomba, na Mjomba akanitazama mimi, mara moja tu, bila ukali wowote, kama mtu anayekushikilia mlango upite. Mimi nikainama nikafunga kamba ya kiatu. Kiatu changu hakikuwa kimefunguka.

Mjomba akawageukia wazee. Kisha akasema, "Mtumbwi umetoka kwenye kibanda changu. Kosa ni langu. Nitamjengea mama mwingine."

"Kwa misumari gani, Mzee Bwire?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma, na watu wakacheka. Na aliyeuliza alikuwa amepanda mitumbwi ya Mjomba tangu utoto wake.

Mjomba alikuwa na mbao za mvule alizozihifadhi miaka mingi chini ya paa, za mtumbwi wake mwenyewe wa uzeeni. Akazishusha. Tukaanza kujenga. Wateja wawili waliokuwa wameagiza mitumbwi walikuja kwa adabu wakasema wamebadili mawazo. Mimi nilimpa mbao, nilimpa nyundo, nilimpa kila kitu isipokuwa kile kimoja alichokihitaji. Hakunisukuma. Hakunikasirikia. Alikuwa ananiamkia asubuhi, "Umelalaje, Masalu?" nami najibu salama, na salama haikuwapo.

Kilichonivunja ni jambo dogo. Siku moja niligeuka nikamwona Mjomba amesimama mbele ya kibanda na pakiti mpya ya misumari. Watu walikuwa wanapita kwenda kuteka maji. Kabla ya kupiga msumari aliuinua juu kidogo, akaugeuza ili ung'ae juani, wapitao waone kuwa ni mpya. Akapiga. Akachukua wa pili, akauinua. Mzee mwenye mvi, ambaye zamani watu hawakuinama kuchungulia kazi yake, sasa anaonyesha misumari yake mmoja mmoja kama mtoto anayeonyesha viganja kwamba hajaiba sukari.

Niliweka nyundo chini nikaondoka.

Mama Kabula nilimkuta na wifi yake wakigeuza kayabo juu ya chanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa na mjomba wako? Mwambie sina haraka, misumari ya kunyoosha huchukua muda."

"Mama, misumari haikuwa ya kunyoosha." Nikaanza kumweleza habari za metali mbili, na maji ya chumvi, na elektroni, na tangi la maji moto la Igoma. Nilizungumza sana. Yeye akaacha kugeuza samaki.

"Ngoja," akasema. "Ngoja, Profesa wa ndimu. Ondoa hizo elektroni zako. Nani aliweka hiyo shaba?"

"Mimi."

"Bwire alijua?"

"Hakujua. Alikuwa msibani."

"Na juzi kwenye kikao ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

Akajifuta chumvi mikononi kwa kitenge. "Mzee wa watu nimemtukana mbele ya mkwe wake," akasema, kana kwamba anajisemea. Halafu akanitazama. "Rudia. Sema kwa sauti, wifi yangu hasikii vizuri."

Wifi yake alikuwa anasikia vizuri kuliko sisi sote. Nikarudia.

Mama Kabula akanishika mkono juu ya kiwiko, kama unavyomshika mtoto aliyetaka kutoroka sindano, akanitembeza mwalo mzima. Kwenye kibanda cha chai: "Sema." Kwa washona nyavu: "Sema." Kwa mwenyekiti: "Sema." Pale pa kwanza maneno yangu yalikuwa mengi, yenye sababu na maelezo, na nia njema niliyokuwa nayo. Kila tulipofika yalipungua. Tulipofika kwenye kibanda cha Mjomba yalikuwa yamebaki manne tu: shaba niliweka mimi, hakujua. Nimegundua tangu siku ile kwamba ungamo la kweli ni fupi. Likiwa refu, kuna kitu bado unakificha katikati.

Mama Kabula alipiga goti mbele ya Mjomba akaomba radhi. Mjomba akamwinua haraka, akasema, "Inuka, mama, mchanga una moto." Kwangu akasema neno moja: "Umerudi." Akanipa nyundo.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, aliniomba nimfundishe. "Baba yangu alinipa sheria, hakunipa sababu," akasema. "Nipe sababu." Nami nikamweleza bila sauti ya darasani, na nitakueleza na wewe vilevile.

Ndani ya kila metali kuna chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Metali hazizishiki kwa nguvu sawa. Zinki ina mkono mlegevu, chuma kinashika kidogo zaidi, shaba imekaza. Ziweke metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi, kisha uzigusanishe. Yenye mkono mlegevu inaanza kuachia: chembe zake zinaingia majini, na kila moja inaziacha elektroni zake nyuma. Elektroni hizo zinakimbilia upande wa shaba, na kule zinapokelewa na kitu kilichomo majini, kama oksijeni iliyoyeyuka. Ukiweka waya katikati, mbio zile zinapita kwenye waya na ndizo tunazoziita umeme, kitaa kinawaka. Usipoweka waya, na msumari ukawa umetoboa shaba yenyewe, mbio zinapita hapo hapo vinapogusana. Hakuna taa, hakuna kelele. Msumari unaisha tu. Na maji yana kazi yake pia: yana chembe za chumvi zinazosogea huku na huku kuikamilisha njia. Ndiyo maana maji ya ziwa peke yake yangekula polepole, lakini maji ya kayabo yalikula kwa pupa. Na kwa kuwa shaba ilikuwa pana na misumari midogo, wapokeaji walikuwa wengi na mtoaji mmoja. Mtoaji mmoja hawezi kudumu.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. "Basi tuyape maji mwingine wa kula," akasema.

Ndivyo tulivyofanya, na ndivyo wanavyofanya hata wenye meli kubwa. Tulikusanya betri kuukuu za tochi, zile za bei nafuu ambazo makopo yake ni zinki, tukazipasua, tukasafisha makopo na kuyakunja kwa nyundo mpaka yakawa kidonge kizito. Tukakikaza kwenye chuma kirefu tulichopigilia chini ya mtumbwi mpya wa Mama Kabula ili mchanga usikwaruze mbao, kikigusana nacho. Maji yakitaka kula, yanakula kidonge kile kwanza, chuma kinapona. Kila baada ya muda unakitazama, kikiisha unaweka kingine. Mjomba alikiita "mkwe mwema", anayetoa chake ili nyumba isimame. Kucheka kwake siku ile nilikulipia kwa machozi nikiwa peke yangu.

Mwaka jana mjukuu wangu Neema, anayesoma ufundi wa umeme, alinikuta hapa Buhongwa nikibadilisha maji ya betri akasema, "Babu, siku hizi kuna betri isiyojila." Nikamwambia akae anieleze. Akasema inaitwa seli ya fueli. Betri ya kawaida, akasema, ni kama mtu anayekula ghala lake: vilivyomo ndani vikigeuka vyote, imekwisha, au kama ni ya kuchaji unausukuma umeme kinyume ili virudi vilivyokuwa. Seli ya fueli inalishwa kutoka nje, kama jiko. Upande mmoja unaingiza haidrojeni, upande wa pili hewa yenye oksijeni, na katikati kuna utando. Haidrojeni inaachia elektroni zake, nazo zinapita kwenye waya zikifanya kazi. Kilichobaki cha haidrojeni kinapenya utando kwenda ng'ambo, na huko vyote vinakutana na oksijeni vinakuwa maji. Maji tu, babu, akasema. Na metali za ndani zinabaki, kwa kuwa zenyewe ni wapishi, si chakula.

Nilifurahi sana. Lakini nikamuuliza swali la mjomba wangu: "Na huko nako, nani anayeliwa?" Akafikiri. "Haidrojeni," akasema. "Ukiacha kuilisha, inazima." Nikamwambia vizuri, umeelewa.

Mjomba Bwire alifariki miaka mingi iliyopita. Baada ya mimi kusema, wateja wengine walirudi, si wote. Msibani kwake, mtu aliyetoka visiwa vya mbali aliuliza jirani yake, nami nikasikia, "Huyu ndiye yule wa misumari ya kunyoosha?" Nilimfuata nikamweleza. Lakini ni wangapi ambao sikuwasikia? Zile siku nilizonyamaza, uongo ulipanda mitumbwi ukaenda kila kisiwa, na ukweli wangu ulipotoka ulikuwa unatembea kwa miguu. Majuto ni mjukuu, na huyu wa kwangu hajawahi kukua akaondoka.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Jifunze sana, na usimcheke mzee anayejua sheria asiyojua sababu. Mtafutie sababu umletee, itakuwa zawadi kwenu wote. Ulichojifunza kwenye ubao kitafute kazini, kwa maana maarifa yasiyotambua ndimu yakiwa mtumbwi bado hayajaingia. Na kila mahali unapoona kitu kinang'aa na hakichakai, angalia pembeni yake ni nani anayechakaa kwa ajili yake. Mimi niling'aa siku kadhaa pale mwaloni, na aliyekuwa anaisha ni mjomba wangu.

Mungu akupe mikono yenye ustadi na moyo usiopenda kufunika. Kazi yako idumu juu ya maji, jina lako litajwe vizuri usipokuwapo, na asipungue mtu yeyote kwa sababu ya kuongezeka kwako.

Kesho, kabla hujapiga metali moja juu ya nyingine mahali penye maji, chukua kipande cha kila moja, vifunge pamoja, uviweke kwenye bakuli la maji ya chumvi kwa siku saba, kisha utazame ni kipi kimeliwa. Lakini kama kuna mtu anayebeba kosa lako, usingoje siku saba. Inuka uende kwake leo.